Daftari, grupu, meseji au kikao: habari za mtoto wa darasa la kwanza na la pili zikufikie kwa njia gani?

Kila Januari shule zikifungua, sisi wazazi wa watoto wadogo tunaulizwa swali ambalo wengi tunalijibu bila kufikiri: "Mzazi, namba yako ya WhatsApp?" Unaitaja, unaingizwa kwenye grupu, unaondoka ukiamini kwamba sasa utakuwa unajua mtoto anavyoendelea. Mimi niliitaja yangu Uyole, hapa Mbeya, nimesimama kwenye mlango wa darasa la mwanangu, huku nikijua fika kwamba saa moja jioni, mtoto anapofungua begi, mimi bado niko Mwanjelwa nafunga duka langu la steshenari. Anayekaa naye ni bibi yake, na bibi ana kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp.

Kwa hiyo muhula mzima habari zilinifikia mimi, na kazi ikamsubiri bibi ambaye hakuwa na habari.

Tangu hapo nimeonja njia nne, nyingine kwa mwanangu, nyingine kwa watoto wa dada yangu wa Mafinga na wa shemeji yangu wa Rungwe. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mzazi ambaye shule imempa nafasi ya kuchagua, au ambaye sauti yake inasikika kwenye kamati ya shule. Ripoti ya muhula siihesabu. Inakuja Juni na Desemba, imejaa namba, na ikifika jambo lenyewe limeshapita.

Vipimo nilivyotumia

Kwanza, njia hii inamfikia nani: mwenye bando au anayekaa na mtoto jioni? Pili, inasema nini kuhusu kujifunza kwenyewe, maana habari nyingi za shule ni za michango, sare na tarehe ya kufunga, na hizo si habari za darasani. Tatu, mzazi anaweza kujibu? Nne, inamgharimu nini mzazi, na inamgharimu nini mwalimu. Tano, inatunza siri ya mtoto au inamwanika?

Kipimo cha pili nimekipa uzito kuliko vingine, na nina sababu. Mtoto wa darasa la kwanza leo hafundishwi kama tulivyofundishwa sisi. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, Kiingereza kikashuka mpaka darasa la kwanza, wakati kwenye mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 kilikuwa kinasubiri la tatu. Na kusoma kunaanzia kwenye sauti ya herufi, si jina lake. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa namkalisha binti yangu jioni za Jumapili namwimbisha "a, be, che, de", akikutana na neno "baba" anasoma "be-a-be-a" halafu ananitazama. Wiki ya nne mwalimu akaniambia kwa upole: "Mama, huku tunamfundisha sauti ya herufi. Ukimwambia 'be' nyumbani, mimi Jumatatu naanza upya." Ningepata habari hiyo wiki ya kwanza, mtoto asingezungushwa kote huko.

Daftari la mawasiliano

Inamfikia nani. Anayefungua begi. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, kwamba haliulizi una simu gani. Bibi, dada wa kazi, kaka wa darasa la sita, yeyote aliyepo jioni analiona, na asiyejua kusoma anasomewa.

Inasema nini. Inategemea peni nyekundu imeshikwa na nani. Muhula wa kwanza daftari la binti yangu lilikuwa na maneno yaleyale karibu kila lilipoandikwa: "Anajitahidi. Asisitizwe." Nisisitize nini? Nilimsisitiza kila kitu, tukawa tunalala wote wawili tumenuna. Kisha siku moja ya Machi yakaja maneno mengine: "Anaruka mstari anaposoma. Aweke kidole chini ya neno, asome mistari mitatu tu kila siku." Bibi yake aliposomewa hivyo alichomoa njiti ya fagio, akaikata kipande, akampa mtoto: "Shika, onyesha kama mwalimu wako." Mistari mitatu, kila jioni, jikoni karibu na jiko la mkaa kwa sababu Juni huku Uyole mikono inaganda. Hadi shule zinafunga, mtoto alikuwa haruki mstari tena. Njiti ipo hadi leo kwenye kopo la penseli.

Kujibu. Unaandika chini yake, unasaini. Bibi hana saini, ana herufi moja ya jina lake anayoichora ikiwa imelala, na mwalimu ameizoea.

Gharama. Kwako wewe ni daftari dogo na kava. Kwa mwalimu ni muda. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi. Darasani kwa binti yangu wako 92. Mwalimu akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, hizo ni dakika 184, zaidi ya vipindi sita vya dakika 30. Hawezi, na asilaumiwe. Walichofanya ni kugawa zamu ya madaftari kumi kwa siku, hivyo la mtoto wako linarudi kuandikwa baada ya kama wiki mbili. Kwa habari ya "anaruka mstari" wiki mbili zinatosha. Kwa habari ya "leo ametapika" hazitoshi kabisa.

Siri ya mtoto. Inakaa ndani ya begi.

Maadui wa daftari ni mvua na mtoto mwenyewe. Kwa shemeji yangu Rungwe, ambako mvua haiulizi mwezi, daftari la Aprili lilifika nyumbani limevimba kama andazi na wino mwekundu umegeuka juisi ya rozela. Na kuna mtoto, simtaji ni wa nani, aliyechana ukurasa wenye maneno ya mwalimu akatengeneza boti.

Linamfaa mzazi ambaye mtoto wake analelewa na zaidi ya mtu mmoja, na darasa ambalo mwalimu wake anaandika kitu cha kufanyika. Kama peni nyekundu haitoki kwenye "asisitizwe", daftari ni mzigo wa begi tu.

Grupu la WhatsApp

Inamfikia nani. Wenye simu janja, wenye bando, wenye chaji, siku hiyohiyo. Mjini Mafinga, Iringa au Mbeya hao ni wengi. Ukipanda milimani kuna nyumba ambazo mtandao unashika ukisimama pale kwenye mparachichi wa jirani, hapo tu. Ila grupu linafika mahali ambapo daftari halifiki. Mume wa dada yangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani kwenda Tunduma na kurudi. Picha ya ukurasa wa kuhesabu ikiingia akiwa kwenye foleni ya mpakani, jioni anampigia mtoto na kumuuliza: "Saba toa tatu ulipata ngapi? Mbona mwalimu amekuwekea kosa?" Mtoto anashangaa baba amejuaje.

Inasema nini. Hapa ndipo pana utajiri na takataka kwa pamoja. Utajiri ni sauti. Daftari haliwezi kukuonyesha tofauti ya "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe; voisi ya sekunde ishirini inaweza. Mwalimu wa mtoto wa dada yangu alikuwa anatuma voisi kila Jumatatu, yeye na watoto wawili watatu, wanatamka silabi za wiki hiyo. Dada alikuwa anaipiga jikoni na mtoto anafuatisha huku anamenya viazi. Kwa wengi wetu huku, ambao "r" na "l" zinabadilishana ulimini bila kuombana ruhusa, voisi hiyo ilimsaidia mama kama ilivyomsaidia mtoto.

Takataka mnaijua. Maua ya asubuhi njema, vikoba, mahubiri, mtu anauza majiko banifu. Jumamosi moja nilikuta meseji 140 ambazo sijazisoma, na ya mwalimu ilikuwa moja, katikati.

Kujibu. Ni rahisi mno, na hapo ndipo lilipo tatizo. Mzazi anamwandikia mwalimu saa nne usiku, mbele ya wenzake wote, "Mwalimu mbona mwanangu hajasahihishiwa," na wengine tisini wanasoma. Asubuhi mwalimu yule yule ndiye anasimama mbele ya mtoto wako.

Gharama. Bando la mzazi, na bando la mwalimu, ambalo analitoa mfukoni kwake. Wazazi wa Mafinga walikubaliana kumchangia kila mwezi. Sikusikia shule nyingine ikifanya hivyo.

Siri ya mtoto. Nitasimulia kilichonikuta, shule siitaji. Baada ya jaribio la katikati ya muhula, karatasi ya matokeo ilipigwa picha na kuwekwa kwenye grupu: majina kamili, wa kwanza mpaka wa mwisho. Binti yangu alikuwa wa 71. Mimi sikumwambia. Kesho yake jioni alirudi akaniuliza "Mama, sabini na moja ni nyingi?" Alikuwa ameambiwa na mtoto wa jirani, ambaye ameambiwa na mama yake. Mtoto wa miaka saba, ambaye namba zenyewe ndiyo kwanza anajifunza kuzihesabu. Nilimpigia mwalimu, akaomba radhi, akaifuta, lakini picha ikishaingia kwenye simu tisini huifuti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na alama za mtoto pamoja na sura yake ni taarifa zake. Mzazi ana haki ya kusema hapana, na ya kuisema kabla ya picha kupigwa.

Linamfaa mzazi aliye mbali na nyumbani, na darasa ambalo grupu limefungwa ili admini pekee atume, wazazi wakijibu faragha. Kitufe hicho kipo kwenye mipangilio ya grupu. Grupu lililoachwa wazi ni soko.

Meseji na simu ya kawaida

Inamfikia nani. Karibu kila nyumba, pamoja na kitochi cha bibi kinachokaa na chaji siku nne. Msimu wa mpunga, wazazi wengine wa Mbeya wanashuka Mbarali wiki nyingi na watoto wanabaki kwa wakubwa. Meseji inawafuata hadi huko. Ila hakikisha shule ina namba ya huyo aliyebaki. Mara nyingi iliyoandikwa ni ya baba, na baba alishabadilisha laini.

Inasema nini. Kidogo, na si kasoro. Meseji moja ni herufi 160, na mwalimu akibanwa na nafasi hapotezi maneno. Hii alipokea shemeji yangu: "Habari mzazi. Wiki hii ni silabi za nd: ndizi, ndoo, ndama. Mtafutie maneno 5 ya hivyo, asome kwa sauti. Jaribio Ijumaa. Mwl wa 2B." Imekaa vizuri kuliko ripoti nyingi za muhula nilizowahi kusaini. Isichoweza ni kukueleza habari za mtoto wako peke yake, kwa sababu inatumwa sawa kwa wote.

Kujibu. Simu ya dakika mbili inamaliza, hasa kwa asiyesoma. Shida yake ni mazoea. Tumezoea kwamba shule ikipiga kuna balaa, hata moyo unadunda kabla hujapokea. Mwalimu akipiga kusema "leo kasoma peke yake" mama anakaa chini kwanza.

Gharama ni ndogo kwa mzazi, na kwa shule inategemea nani analipia kifurushi. Siri inakaa salama, mradi simu si ya familia nzima.

Inamfaa aliye na kitochi na anayetaka kujua wiki hii wanasoma nini. Ukitaka kujua mtoto wako anakwama wapi, meseji ya pamoja haitakuambia.

Kikao, na kufika darasani mwenyewe

Hivi ni vitu viwili, na watu wanavichanganya. Kikao cha wazazi kwa kawaida kina ajenda ndefu, ya mwisho inaitwa taaluma, na inafikiwa saa saba mchana watu wameshaanza kuangalia bajaji. Nimekaa vikao vitatu nikijifunza mengi kuhusu uji, madawati na matundu ya choo, ambavyo ni muhimu kweli, lakini sikutoka na habari hata moja ya binti yangu. Kwa hiyo ninachokilinganisha hapa ni kufika darasani: siku ambayo mwalimu anapanga madaftari juu ya madawati na mzazi anakaa kwenye dawati la mwanawe, magoti yakigusa kidevu.

Inamfikia nani. Anayeweza kuacha kazi asubuhi na kulipa nauli. Akina baba hawaonekani sana. Msimu wa kupanda, Novemba na Desemba, hata akina mama hawaonekani.

Inasema nini. Kila kitu. Nilimtuma bibi niliposhindwa kufunga duka, na aliporudi alikuwa na habari kuliko grupu zima. Alisimulia hivi. Mwalimu, binti mdogo tu, alimsalimia shikamoo, akamfungulia daftari la kuandika. Bibi akasema: "Mwalimu, mwanangu, mimi kusoma sijui." Mwalimu akamjibu, "Lakini bibi, mtoto akikusomea, unasikia kama anasoma au anabuni?" Bibi akacheka. "Hilo nasikia. Akibuni anaharakisha." "Basi bibi, kazi yako ni hiyo. Akiharakisha, mwambie arudi mwanzo." Bibi akamwambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akatoka. Tangu siku hiyo nyumba yangu ina mkaguzi wa elimu.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna njia nyingine ingeyasema. Bibi aliona binti anakaa dawati la nyuma kabisa, watoto wanne kwenye dawati moja, na anasogeza shingo kuona ubaoni. Akamwambia mwalimu, akahamishwa mbele. Daftari lisingeandika hivyo, maana mwalimu mwenyewe alikuwa hajaona.

Kujibu. Papo hapo, uso kwa uso, na ukiondoka mwalimu anakufahamu kwa sura.

Gharama. Ni nzito kwa mzazi: asubuhi nzima, nauli, na biashara iliyofungwa. Kwa mwalimu ni siku moja au mbili kwa muhula, nafuu kuliko kuandika madaftari kila siku. Siri ipo kama kila mzazi anaonyeshwa la mwanawe tu.

Inamfaa mzazi mwenye wasiwasi maalumu, na mlezi asiyesoma. Hili la pili ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilidhani asiyesoma hana la kufanya shuleni. Haimfai anayetaka habari za kila wiki.

Kwa hali yako

Kama mtoto anabaki na bibi au dada wa kazi na wewe unarudi usiku, anza na daftari, halafu mpeleke huyo anayebaki naye akafike darasani mara moja kwa muhula, hata kama wewe ndiye mzazi. Grupu liwe la kwako tu, la kujua tarehe.

Kama uko mbali kikazi, kwenye lori, Mbarali au Dar, omba mtu wa nyumbani apige picha ukurasa mmoja wa daftari la kazi kila Ijumaa na kukutumia. Huhitaji hata grupu la shule kwa hilo. Kisha umpigie mtoto umuulize kuhusu ukurasa huo.

Kama nyumbani mna kitochi tu, nenda shuleni uandikishe namba ya anayekaa na mtoto, siyo ya mwenye nyumba, na muulize mwalimu kama anaweza kutuma meseji moja ya wiki. Wazazi kumi mkiomba pamoja, kifurushi mnakichangia.

Kama darasa lina watoto wengi kupita kiasi, usidai daftari liandikwe kila siku. Dai zamu, na dai sentensi yenye tendo ndani yake. Kwenye kamati ya shule, au kwenye UWAWA (ushirikiano wa wazazi na walimu) kama shule yenu inao, hilo linaweza kuwekwa kama ombi bila kumshambulia mwalimu.

Kama mtoto anaingia darasa la kwanza Januari hii na hujui wanafundishaje, fika darasani wiki mbili za mwanzo, kabla hujaanza kumwimbisha a, be, che, de kama mimi. Na kama shule ina grupu, siku ya kuandikishwa mwambie mwalimu kwa heshima kwamba matokeo ya mwanao uyapate wewe peke yako.

Kama yuko darasa la pili na bado hasomi sentensi fupi, usisubiri njia yoyote kati ya hizi ikuletee habari. Nenda kesho asubuhi, mkutane na mwalimu kabla ya mstarini, ukiwa na daftari lake la kusoma mkononi.